Kumtembeza Mama Sokoni

Jumamosi, 5 Novemba

Leo nimempoteza Mama mnadani Samuye.

Nilikuwa nachagua vitunguu, nilipoinua kichwa hayupo. Siku ya mnada Samuye inajaa watu, ng'ombe upande wa juu, mitumba katikati, nafaka huku chini kando ya barabara. Nilizunguka nikiuliza kila meza: mmemwona mama mzee, mfupi, macho mekundu? Na kila nilipotaja macho mekundu nilijuta, maana huku kwetu ukisema hivyo kuhusu bibi kizee, watu wanasikia na jambo jingine ambalo hukulisema. Macho yake ni ya moshi. Amepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, kama wanawake wengi wa rika lake.

Nilimkuta kwenye mchele. Ameketi nyuma ya gunia la mtu, sado, lile kopo la kupimia, mkononi, anampimia mteja na kumwongezea ya juu kidogo huku akimsifia watoto. Mwenye mchele, msichana tu, amesimama pembeni anacheka.

"Mwache, dada," aliniambia. "Tangu akae hapa wateja hawaondoki."

Mama aliponiona akaniuliza nataka debe au sado. Hakunijua. Lakini sijamwona na raha namna ile tangu aje kwetu.

Jumapili, 6 Novemba

Jana nilianza kuandika kwa sababu sina wa kuzungumza naye. Masele, mume wangu, yuko Geita kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, anakuja mara moja kwa mwezi akijaliwa. Mwanetu Valerian yuko shule ya bweni. Nyumba hii ya Ngokolo, Shinyanga mjini, tumebaki mimi na cherehani yangu barazani, na Mama Lusia, mama mkwe wangu. Masele alimleta kutoka Samuye kiangazi, baada ya moto wa jikoni kushika paa, huku mwenyewe ameketi uani anauangalia.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Dawa ya kuuponya hakuna. Alisema nimpe mambo aliyoyazoea. Mambo aliyoyazoea ni soko; alifanya biashara ya mchele tangu Masele akiwa mgongoni. Nyumbani ananiuliza Baba Masele amekwenda wapi, na Baba Masele amekufa zamani. Akifika sokoni hamtafuti mtu yeyote. Kwa hiyo nitampeleka. Jumamosi Samuye, siku nyingine hapa hapa kwenye soko letu la mtaani.

Jumatano, 9 Novemba

Jua kali. Mawingu yalikuja saa kumi yakaondoka.

Jumanne, 15 Novemba

Alfajiri niliamshwa na hodi. Mwasiti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amemshika Mama mkono. Mama alikuwa amevaa kitenge kiunoni tu, juu hana kitu, na Mwasiti alikuwa amemfunika na khanga yake mwenyewe.

"Mgeni wangu huyu," Mwasiti alisema. "Nimefungua mlango nimemkuta ananimwagia maji kizingitini na kufagia. Anasema nyumba yake ina vumbi."

Akacheka, na mimi nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Mwasiti ni mtu wa namna hiyo. Anauza maandazi na sambusa sokoni pamoja na binti yake Shamimu, na mtoto mchanga wa Shamimu, Sabiti, analala kwenye boksi chini ya meza. Nilipohamia hapa sijui mtu, ni yeye aliyeniletea uji.

"Usimwambie mtu," nilimwomba.

"Nimwambie nani? Mzee amesahau nyumba, basi."

Jumamosi, 19 Novemba

Samuye. Mama ameuza mchele wa watu mpaka mchana. Amekula muhogo wa kuchoma. Amelala vizuri.

Jumamosi, 26 Novemba

Hatukwenda Samuye, tumekwenda soko letu. Mchele umepanda bei na wakulima wanaotoka vijijini wanasema miche ya mpunga imekauka kwenye majaruba. Kila mtu ana hasira ndogo ndogo. Nilipitia nyama kwa Marwa, mchinjaji wetu, mtu wa Mara mwenye sauti kama anagombana hata akisalimia. Alinitupia mfupa mkubwa kwenye mzani, nikamwambia aupunguze, akasema ng'ombe ana mifupa. Simpendi yule mtu.

Kule mwisho yuko Enock na matenga yake ya kuku. Mama alisimama akawaangalia kuku muda mrefu, akawanyooshea kidole mmoja mmoja, akinong'ona. Alikuwa anachagua, kama mnunuzi yeyote. Enock alisema, "Mama Valerian, mwondoe bibi yako hapo." Hakusema kwa ubaya, lakini hakutabasamu.

Alhamisi, 1 Desemba

Kuku wa Enock wamekufa karibu wote. Ni mdondo, unapita kila kiangazi kikirefuka. Shamimu ameniambia sokoni wanasema vingine, wanataja kidole cha Mama.

Jumamosi, 3 Desemba

Sikutaka kwenda. Mama alivaa mwenyewe, akafunga kilemba, akasimama mlangoni kama mtoto anayesubiri kupelekwa shule. Nikaenda naye soko letu.

Watu walitusalimia. Hilo ndilo lililonichanganya, salamu zilikuwa pale pale. Ila tulipokaribia meza, wenye watoto waliwavuta watoto upande wa pili. Mama alifika kwenye mchele wa mwanamke mmoja wa Old Shinyanga, akachota kiganjani kama kawaida yake, akaunusa, akasema, "Huu umevunwa na unyevu," akaurudisha. Mwanamke yule alichota mchele wote wa juu, pale mkono wa Mama ulipogusa, akaumwaga chini kwenye vumbi mbele yetu.

Mchele, mwaka huu. Kuku wa mtu wakaja wakaudonoa.

Mama aliinama aanze kuuokota, punje kwa punje. "Mnamwaga chakula," alikuwa anasema. "Mnamwaga chakula, mayu, mama yangu." Nilimwinua kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Alhamisi, 8 Desemba

Hakuna mvua. Kanisani wameombea mvua, na msikitini nasikia wameombea pia.

Jumanne, 13 Desemba

Sabiti wa Shamimu ameshikwa na degedege. Nilisikia kelele, nikakimbia, nikamkuta mtoto amekakamaa mikononi mwa mama yake, macho yamegeuka. Nilimwita bodaboda mimi mwenyewe. Hospitali wamesema malaria.

Nilikwenda jioni na uji. Mwasiti alitoka nje ya wodi akaipokea chupa ya uji, akaniuliza bila kuniangalia:

"Yale maji aliyomwaga mlangoni kwangu, yalikuwa maji gani?"

"Maji ya ndoo, Mwasiti. Ya ndoo yetu ya bafuni."

"Sawa."

Akarudi ndani. Chupa aliiacha kwenye benchi.

Jumatano, 14 Desemba

Asubuhi Mama aliniletea chai. Sijui ameichemshaje, sijui aliwashaje jiko, lakini aliileta kwenye kikombe kizuri, amekishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kunipa, kama vile mimi ndiye mama mkwe wake. Nilishukuru. Akatoka. Niliitazama ile chai mpaka ikapoa, kisha nikaimwaga nyuma ya nyumba.

Naandika hili kwa sababu hakuna nitakayemwambia. Najua ni ugonjwa. Nimemsikia daktari kwa masikio yangu. Na bado niliimwaga.

Jumamosi, 17 Desemba

Hatukwenda popote. Sabiti amepona, wamerudi naye. Nilipiga hodi, Shamimu akasema mtoto amelala.

Jumatatu, 26 Desemba

Masele amekuja kwa Krismasi na kuondoka leo. Ameletewa maneno kabla hajafika nyumbani. Enock alimsimamisha njiani. Aliingia amekasirika, na hasira yote ikawa yangu.

"Kwa nini unamtembeza? Unamwonyesha watu wa nini?"

"Daktari alisema—"

"Daktari anakaa Ngokolo? Daktari anajua watu wa hapa?"

Nilimwambia akae naye wiki moja, aone asivyolala, aone anavyolia akitafuta mumewe. Baadaye alinunua kufuli, akafunga komeo kwenye mlango wa chumba cha mama yake, upande wa nje. Alifanya kazi hiyo taratibu, na nilimwona mara mbili akifuta uso kwa mkono wa shati. Ndani, Mama alimwona fundi tu, akawa anamwuliza jina lake.

Jumatatu, 2 Januari

Namfungia ninapokuwa na mteja. Anagonga kidogo, kisha anaanza kuita wanunuzi. Kutoka chumbani namsikia: "Karibu mama, mchele wa Samuye huu, hauna mawe, karibu." Wateja wangu wanajifanya hawasikii. Wawili wamechukua vitambaa vyao wakasema watarudi.

Ijumaa, 6 Januari

Amepungua. Kitenge kinamzunguka mara mbili.

Jumatatu, 9 Januari

Nimeondoa kufuli. Nimelitupa kwenye boksi la vifungo na sijamwambia Masele. Nitakaa mlangoni na cherehani, basi, apite mbele yangu akitaka kupita.

Jumapili, 15 Januari

Jana sikuweza kuandika.

Adhuhuri alikuja bibi harusi mmoja kujaribu gauni. Tuliingia ndani kwa sababu barazani kuna macho. Nilikuwa na pini mdomoni, shela lake nimelitupia begani, nimepiga magoti kwenye pindo, ndipo mvua ikaanza. Baada ya miezi yote ile, ilishuka kama mtu amemwaga mchanga juu ya bati. Bibi harusi akapiga vigelegele. Mimi nilinyanyuka nikaenda kumwonyesha Mama mvua, nikakuta chumba kitupu.

Nilijua alikokwenda. Nilikimbia na pini zangu.

Sokoni kila mtu alikuwa anakimbiza mali yake, maturubai yanavutwa, maji yanapita chini ya meza. Kisha nikasikia sauti ya Shamimu. "Mwanangu yuko wapi? Nani amemchukua mwanangu?" Boksi lilikuwa pale chini ya meza ya maandazi, limelowa, limelegea, halina mtoto. Watu wakaacha mali zao. Wakaanza kuelekea upande mmoja, na mimi nyuma yao, nikisukuma.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la baraza ya bucha la Marwa. Juu hakuwa na kitu. Kitenge chake alikuwa amemzungushia Sabiti, chote, umebaki uso tu wa mtoto, naye anambembeleza kwa Kisukuma akimwita Masele. Mgongo wake wote ulikuwa unachuruzika maji.

Enock alikuwa mbele. Alisema neno moja tu, nogi, na kila aliyezaliwa huku anajua kwamba maana yake ni mchawi. Hakulisema kwa kelele. Sijui nani alirusha kipande cha tofali. Kilimpata Mama juu ya sikio. Hakuinua mikono kujikinga, aliinama juu ya mtoto, akamfunika na kifua chake, akatulia hivyo akingoja.

Marwa alitoka na aproni yake ya damu. Alimshika Mama mabega akamwingiza bucha pamoja na mtoto, akavuta mlango wa chuma, akasimama mbele yake. Kisu alikuwa nacho mkononi, nadhani alisahau tu kukiweka.

"Mtoe," Enock alisema.

"Ingia umtoe wewe."

"Marwa, wewe si wa huku. Haya mambo huyajui."

"Kweli siyajui. Ninachojua, mvua ilipoanza nyie wote mlikimbilia mali zenu. Mtoto alikuwa analia kwenye boksi, maji yanamwingilia. Nilikuwa nimesimama hapa hapa nakata nyama, namsikia. Hata mimi sikwenda. Bibi ndiye alikwenda."

Mwasiti alipita katikati ya watu. Marwa alimfungulia yeye, na mimi nikaingia nyuma yake. Humo ndani, chini ya nyama zinazoning'inia, Mwasiti alimchukua mtoto, akamweka juu ya gogo la kukatia, akamvua kitenge, akamvua nguo zote. Akampapasa kichwa, mgongo, nyayo. Sabiti alikuwa mkavu. Mvua ile yote, na mtoto alikuwa mkavu, anakula ngumi yake. Mama yuko sakafuni, damu inamshuka shingoni, anamwangalia Mwasiti kwa wasiwasi, kama mtu aliyemwazima jirani chombo na hajui kitarudishwa vipi.

"Toka uwaambie," nilisema. "Mwasiti, umeona mwenyewe. Toka uwaambie."

Alimfunga mtoto, kwenye kitenge kile kile, akajifunika uso kwa ushungi, akatoka. Nilisikia watu wakinyamaza kumpisha. Nilingoja sauti yake. Alipita katikati yao mpaka mwisho bila neno. Kila mmoja akauchukua ukimya wake alivyotaka, na tofali la pili likagonga mlango.

Polisi walikuja kwa sababu Marwa aliwapigia. Mpaka wanafika alikuwa amesimama pale pale mvuani. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na kichwa cha Mama mapajani, nimekandamiza shela la bibi harusi wa watu kwenye jeraha lake. Sikujua hata kwamba nilikuja nalo.

Jumatatu, 16 Januari

Ameshonwa. Anauliza nani amemkata nywele. Masele amefika kutoka Geita.

Niliingoja hasira yake, na neno la kwanza lilikuwa, "Nilikuambia umfungie." Nikamwachia beseni na maji ya moto. Nilipopita tena mlangoni, alikuwa amepiga magoti anaosha damu iliyoganda kwenye nywele za mama yake, kwa vidole vile vilivyochanika na mawe, polepole, na Mama anamwambia, "Una mikono mizuri, kijana. Mama yako ni nani?"

Aliendelea kuosha.

Jumanne, 17 Januari

Tunahama. Dada yake Masele, Paskalina, ana vyumba viwili Nyasubi, Kahama. Masele anasema ni mbali ya kutosha na karibu ya kutosha. Tumemwandikia mwenye nyumba. Mvua inanyesha kila siku sasa na watu wanapanda. Hakuna anayesema kwamba bibi ndiye aliyeileta.

Alhamisi, 19 Januari

Mwasiti amekuja. Alisimama nje ya baraza, hakupanda. Ameleta kitenge cha Mama, amekifua, amekipiga pasi, amekikunja.

"Mtoto alikuwa mkavu," alisema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Walikuwa wananiangalia wote, Mama Valerian. Ningesema, wangeniuliza mimi nimekula naye nini. Ninauza chakula pale. Mwanangu anauza pale."

"Sasa unaniambia mimi. Mimi nilikuwa nashuku? Nenda kamwambie Enock."

Nilitaka kumwambia na mengine. Nilitaka kumkumbusha ule uji wa siku ya kwanza. Lakini nilikumbuka chai niliyoimwaga nyuma ya nyumba, nikapokea kitenge. Alikaa kidogo kama mtu anayesubiri kukaribishwa, kisha akaondoka.

Jumapili, 22 Januari

Marwa alipita na kilo ya maini, hakutaka nilipe. Amesema, kwa sauti yake ile ya ugomvi, kwamba jana Mwasiti alisimama katikati ya soko akasema: mtoto alikuwa mkavu, bibi alimwokoa, na mimi nilinyamaza. Enock akamgeuzia mgongo. Wengine wakainama kwenye mali zao. Maandazi yake mengi yamerudi nyumbani.

"Ulinunua kwake?" nilimwuliza.

"Nimekula mpaka naumwa," alisema Marwa.

Jumamosi, 28 Januari

Tumefika Nyasubi. Mama ametapika njiani. Wifi yangu ametupokea vizuri lakini naona anavyofunga mlango wa chumba cha watoto.

Jumamosi, 4 Februari

Paskalina alinishauri nimfiche Mama mpaka watu watuzoee. Nimefikiri wiki nzima. Ngokolo nilinyamaza, nikamwomba Mwasiti naye anyamaze, na nafasi ile tuliyoiacha wazi wengine wakaijaza. Leo nimemvalisha, nimemfunga kilemba juu ya mshono, nikaenda naye soko la Nyasubi. Nimepita meza kwa meza.

"Shikamoo. Naitwa Asteria, tumehamia mtaa wa nyuma. Huyu ni mama mkwe wangu, Lusia. Anaumwa ugonjwa wa kusahau. Macho yake ni ya moshi tu. Ukimwona peke yake, mkalishe unipigie. Namba yangu hii."

Muuza dagaa aliandika namba kwa chaki kwenye ubao wa meza. Muuza mkaa aliuliza kama anauma, nikasema hang'ati, akacheka. Wengine waliitikia tu. Mwanamke mmoja wa mihogo, Loveness wanamwita, alimvuta mtoto wake nyuma ya gunia kabla sijamaliza. Nilimaliza hivyo hivyo. Nikaisema namba mara mbili, yeye ameangalia pembeni.

Usiku huu sitarajii kulala.

Jumatano, 8 Februari

Leo nilisinzia kwenye cherehani. Mvua ya asubuhi, na nimechoka. Nilizinduliwa na simu, namba nisiyoijua, na kabla ya kupokea nilishaona mlango uko wazi.

"Ni mimi wa mihogo," sauti ilisema. Nyuma yake nilisikia soko, na mtoto anacheka. "Bibi yako yuko hapa kwangu. Nimempa kiti. Anakula, ila anasema nauza ghali. Usikimbie, dada, kuna tope. Njoo polepole."

Nilikimbia.